Kahawa ya Moto Nyumbani kwa Ta Yustasi

Watendaji wawili vijana walinifuata hapa Kaagya mwezi uliopita, wakanikuta kibanjani napalilia migomba, wakaniomba niwaandikie mambo ya kazi. Mmoja alitaka kujua nilivyopanda vyeo. Nikamwambia nilipanda mitumbwi, bodaboda na vilima. Hivyo vyeo sikumbuki. Nitaandika nilichofundishwa na nilichoharibu, na nilichoharibu ndicho kirefu zaidi.

Kazi ya mtendaji wa kijiji, kama hamjaielewa bado, ni kuchukiwa kwa zamu. Leo unadai ushuru na michango. Kesho unasoma orodha ya kaya maskini zinazopewa ruzuku na serikali. Anayetakiwa kulipa anakuambia si yeye, na anayetaka kupokea anakuambia ndiye. Nilidhani kazi yangu yote ni kujua nani ananidanganya, na kwa miaka mingi nilijiona hodari wa jambo hilo.

Nilianzia kisiwani Bumbire. Siku ya kwanza nilishuka mtumbwini na viatu vya ngozi. Mzee Byabato, mtendaji niliyekuwa naenda kupokea ofisi yake, aliviangalia viatu, akaniangalia mimi, akasema, "Karibu, waitu. Hivyo tutavizika kesho." Waitu kwetu ni neno la heshima, kama kusema ndugu yetu. Kesho yake tukavuka miamba kwenda mwalo wa pili, ufuko wanakotua wavuvi, kukusanya ushuru wa dagaa, na kweli soli ya kushoto ilibaki njiani.

Ilikuwa saa nne asubuhi, jua kali. Tulipofika, kambi nzima ilikuwa tupu. Dagaa wameanikwa, hakuna anayewageuza. Redio inaongea kibandani peke yake. Kuku amefungwa mguu kwenye kigingi, anatutazama. Juu ya jiwe palikuwa na kikombe cha chai. Nilipokishika kikanichoma vidole. Hapakuwa na mtu hata mmoja wala mtumbwi hata mmoja, na ziwa mbele yetu lilikuwa jeupe, limetulia tuli. Nywele zilinisimama, sioni haya kusema.

Mzee Byabato alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, akakichukua kile kikombe, akanywa. "Chai ya moto maana yake mtu yu karibu," akasema. "Wako nyuma ya miamba na mitumbwi yao. Wanasubiri tuchoke." Tulikaa mpaka mtoto mchanga akalia huko nyuma ya mawe, ndipo wakaanza kutoka mmoja mmoja, wanacheka, wanatusalimu vizuri. Wengi walikuwa wavuvi wa kuja, watu wenye mtumbwi mmoja, na siku ile walilipa wote.

Ndipo aliponipa kanuni yake. "Ita jina, kisha nyamaza. Usirudie. Mtu akiwepo ataitika, au atakohoa, au jirani atamtupia jicho. Asiyekuwepo na lake halipo." Alipostaafu aliniachia kaunta buku nne na kalamu mbili. Ya bluu ya kuweka alama ya vema. Nyekundu ya kuandika HAYUPO.

Jina moja pale mwaloni liliitwa kila msimu bila kuitika. Ta Felisiani, yaani Mzee Felisiani. Mitumbwi mikubwa yenye injini, ile iliyopakwa rangi ya kijani, ilikuwa yake, nayo haikukimbilia miambani. Ilikaa pwani mchana kweupe. Ta Felisiani alikuwa amekufa zamani, na aliyekusanya samaki wake alikuwa mwanawe, Bwana Anatoli, mtu mnene mwenye sauti laini na suruali iliyonyooshwa hata kisiwani.

Kwa wasiotoka kwetu nieleze. Mhaya akifa, ukoo humweka omusika, mrithi anayekalishwa kwenye kigoda cha marehemu na kushika nafasi yake. Ukikalishwa kwa babu yako, wajomba wenye mvi wanaweza kukuita baba, na wasiwe wanatania. Anatoli ndiye aliyekalishwa. Kwenye mkutano wa wenye mitumbwi alikuja na kile kigoda, akakiweka mstari wa mbele, kisha yeye akakaa pembeni kwenye benchi.

"Mitumbwi ni ya mzee," alisema nilipomwita. "Mirathi haijafunguliwa, kesi ipo. Mimi mlinzi tu. Ukitaka ushuru, muulize mwenye mali." Akakionyesha kigoda kwa mkono. Watu wakacheka, nami nikajikuta nakitazama kile kigoda kitupu kana kwamba ni zamu yake kusema. Karatasi za Anatoli zilikuwa na mihuri mingi kuliko yangu. Niliandika wilayani, wakanijibu nisubiri mahakama, nikasubiri mpaka nikahamishwa. Mbele ya jina la Ta Felisiani sikuandika HAYUPO hata mara moja. Karatasi zote zilisema kwa namna fulani yupo.

Nikapelekwa vilimani, kijiji kimoja cha upande wa Ijumbi ambacho sitakitaja. Huko ukungu hukaa mpaka karibu saa tano, unasikia mtu anakusalimu kabla hujamwona. Mkutano wa ruzuku tuliufanyia darasani. Nilikuwa nasoma orodha, wanaitika, naweka vema. Nikasoma, "Ma Kokugonza." Kimya kidogo. Kisha nyuma kabisa sauti nyembamba ya bibi kizee ikaitika, "Nipo, waitu." Nikaweka vema. Mikutano miwili nilifanya hivyo bila kuinua macho.

Mkutano wa tatu niliinua. Aliyekuwa ameitika ni msichana. Miaka ishirini, labda na mbili, amejifunga kitenge kichwani kwa mtindo wa bibi zetu, ameketi ameuegemea mkongojo asiouhitaji. Kanuni ya Byabato ikanishinda nguvu hapo, kwa sababu hakuna jirani aliyemtupia jicho. Wote walitazama sakafuni. Mwenyekiti wa kitongoji akaninong'oneza, "Ameitika, mtendaji. Endelea."

Wiki ileile Bwana Anatoli akatutembelea. Kumbe kijiji kile ndicho cha mama yake. Alileta bati za darasa, akapewa kiti cha mbele, akahutubia. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," alisema kwa ile sauti laini. "Ruzuku hii inawalemaza watu wetu. Mtu mwenye mikono miwili anakaa kusubiri jina lake liitwe. Viongozi wasipokuwa macho, hata makaburi yatapanga foleni." Watu walipiga makofi. Mimi nilipiga kwa nguvu kuliko wengi, na mikono hii ndiyo ninayoandikia.

Kesho yake nilikwenda nyumbani kwa Ma Kokugonza pamoja na mwenyekiti wa kitongoji. Ukungu ulikuwa umeshika migomba mpaka kwenye mikungu. Mbele ya mlango palikuwa na kaburi, limeota mchaichai, hatua kumi hivi kutoka kizingitini. Tukapiga hodi. Yule msichana alitufungulia, akatembea mbele yetu akichechemea mguu wa kulia.

"Bibi yake alichechemea hivyohivyo," mwenyekiti alininong'oneza. "Huyu alikuwa mzima. Ameanza tangu siku aliyokalishwa."

Ndani, juu ya nyasi zilizotandikwa sakafuni, alikaa mzee wa miaka kama sabini, kipofu, ameegemea ukuta. Huyo ndiye Ta Yustasi, mtoto wa kuzaa wa Ma Kokugonza. Msichana alituletea akamwani kwenye kikapu kidogo, kahawa ya kutafuna kama ilivyo desturi, bado ya moto.

"Ma Kokugonza yuko wapi?" niliuliza.

"Ndiye mimi, waitu."

"Kitambulisho chako kinasema Adelina."

"Nje ni Adelina. Humu niliwekwa bibi."

Yule mzee aligeuza uso. "Mawe," akaita, yaani mama, "nani huyo anayegomba?"

"Ni mgeni, mwanangu," alijibu msichana kwa ile sauti nyembamba. "Tafuna kahawa yako." Na mzee yule akatulia papo hapo, akatafuna, kama mtoto aliyeguswa na mkono wa mamaye. Ningetaka kuondoka wakati ule, na kwa kuwa nilikuwa naogopa, nikaanza kuwa mkali.

Nilikuwa na fomu mkobani. Ilikuwa rahisi kabisa: Adelina atie sahihi kwamba mkuu wa kaya amefariki na yeye ndiye mkuu mpya, ruzuku iendelee. Nikamweleza.

"Itasomwa kwa sauti?" akauliza.

"Lazima isomwe mbele ya wanakaya."

Akasogea karibu, akasema taratibu asisikike. Mjomba wake hakumbuki mambo. Walimzika bibi hapo mlangoni na mzee akashika udongo kwa mkono wake, lakini kesho yake akauliza mama yuko wapi. Walipomwambia alilia msiba upya, akakataa kula. Siku iliyofuata akauliza tena. "Mara ya tatu niliona atakufa," alisema Adelina. "Akaita Mawe, nikaitika. Siwezi kusoma karatasi hiyo mbele yake, waitu. Atafiwa upya."

Vijana, someni hapa polepole. Ningeweza kumtoa nje. Hatua kumi tu, mpaka pale kwenye mchaichai, nikasoma kwa sauti ya chini, akatia sahihi kwa kalamu yangu, basi. Hakuna mkaguzi ambaye angeuliza tulisomea wapi. Lakini makofi ya jana yalikuwa bado yanalia masikioni, na nilikuwa nimechoka kuchezewa na marehemu. Nikasema, "Sheria haijui mambo ya usika." Nikatoa kalamu nyekundu, nikaandika HAYUPO hapohapo, nikiwa bado na kahawa yake mdomoni. Mwenyekiti akakohoa. Adelina alitusindikiza mpaka nje akichechemea, kama anavyosindikizwa mgeni yeyote.

Kule juu walinisifu kwa kusafisha orodha. Hilo nalipita.

Baada ya wiki chache tulikuwa na kazi ya kijiji, kuchimba upya chemchemi. Kazi za kujitolea na michango zilikuwa na kaunta buku lake, sikuwa nimelihusisha kabisa na lile la ruzuku. Nikaita majina. "Ma Kokugonza." Nikajuta kabla sijafunga mdomo. "Nipo, waitu," ikaitika sauti chini kwenye tope. Alikuwa ameingia mpaka magotini na jembe mkononi.

Nilikaa kwenye jiwe, nikafungua kurasa za nyuma. Barabara, darasa, chemchemi, mchango wa zahanati. Kila mahali, tangu bibi yule azikwe, palikuwa na vema ya bluu mbele ya jina lake. Kama msichana huyu angekuwa mwizi, angemfufua bibi siku ya kupokea na kumwacha alale siku ya kutoa. Hakuna ambaye angemfuata marehemu kwa ajili ya mchango wa darasa. Yeye alirithi jina zima, na mzee wake, na jembe lake. Anatoli alirithi mitumbwi tu, na siku ya kulipa akamwachia baba yake kigoda. Na mimi, mtendaji hodari, nilikuwa nimempigia makofi mmoja na kumfuta mwingine.

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tena. Nikamwita kando, nikamwambia aje ofisini tuijaze fomu bila kelele.

"Nani atabaki naye?" aliuliza.

"Basi nitakuja mimi," nikasema. "Wiki hii."

Sikwenda wiki ile. Mvua ziliharibu barabara, wageni wa wilaya wakaja, nikaugua malaria. Sababu nilikuwa nazo nyingi, zote za kweli, zote hazikupika chakula. Nilipokuja kuuliza habari zake nikaambiwa Adelina ameshuka ziwani. Amekwenda Bumbire kuanika dagaa kwa kibarua, kwenye kambi ya Bwana Anatoli, ili apate cha kumlisha mjomba. Majirani wamekubaliana kumpelekea mzee chakula kwa zamu mpaka atakaporudi.

Siku ileile nikachukua fomu nikaenda. Ilikuwa saa nne, ukungu ule ule. Nilipofika kwenye kaburi nilisimama, maana niliwasikia wanazungumza ndani. Sauti ya Ta Yustasi ilikuwa inauliza jambo. Sauti nyembamba ya kike ikamjibu, kisha wote wakacheka kidogo. Moyo ukatulia. Nikasema, kumbe Adelina amerudi.

Nikapiga hodi. "Ingia," alisema mzee. "Mawe ametoka sasa hivi kwenda nyuma. Kaa, utafune kahawa."

Alikuwa peke yake juu ya nyasi, amekonda, uso umejaa furaha. Kikapu kilikuwa mbele yake. Nikachukua punje moja ya kahawa, ikanichoma vidole. Nikakumbuka kile kikombe cha Bumbire. Kitu cha moto maana yake mtu yu karibu. Nikapita mpaka mlango wa nyuma. Kulikuwa na migomba, ukungu, na ardhi yenye unyevu isiyo na unyayo hata mmoja. Jiko lilikuwa palepale ukutani. Sikuligusa.

"Adelina," niliita. Kimya. Sijui ni nini kilichonifanya niite lile jina jingine. Labda mazoea. "Ma Kokugonza." Kisha nikanyamaza, kama nilivyofundishwa.

"Nipo, waitu."

Haikutoka nyuma. Ilitoka upande wa mbele, kule kwenye mchaichai, karibu kabisa.

Nilitoka kwa mlango wa nyuma, nikakata katikati ya migomba, fomu ikabaki chini sijui wapi. Njiani nilikutana na mama mmoja jirani, amebeba sufuria iliyofunikwa jani la mgomba, anaelekea kule. Akanishangaa ninavyohema. "Mtendaji, mzee hajambo?" akauliza. "Hajambo," nikasema. "Kuna mtu naye. Nimesikia wanaongea."

"Hata mimi jana nilisikia," akasema yule mama. "Basi Adelina amerudi. Afadhali." Akageuza, akarudi nyumbani na sufuria yake.

Nilimwona anageuza. Nalisema hilo kwa sababu baadaye niliwaambia watu kwamba sikumbuki.

Nilichofanya baada ya hapo ni kwenda kumtafuta Adelina kisiwani, maana nilitaka kusikia kwa kinywa chake kwamba alikuwa amerudi siku ile. Ziwa lilichafuka, nikangoja mtumbwi siku mbili. Nilipofika mwaloni ile mitumbwi ya kijani ilikuwa palepale, imeongezeka. Adelina alikuwa kwenye mchanga anageuza dagaa. Hakuchechemea. Aliponiona alisimama.

"Nani yuko naye?" ndilo jambo la kwanza aliloniuliza.

Hakuwa ameondoka kisiwani tangu afike.

Tulirudi kwa mtumbwi wa kwanza. Alipoingia kibanjani, mguu wa kulia ukaanza kuchechemea, nami nikabaki nyuma kwenye kaburi. Nilimsikia akiita mara moja, "Mwanangu." Kisha nikasikia kifuniko cha sufuria kinafunuliwa, na kinarudishwa.

Ta Yustasi alikuwa ameegemea ukuta, uso wake umetulia. Sufuria ilikuwa kavu, na majivu jikoni yalikuwa ya siku nyingi. Kila jirani alipopita alisikia sauti mbili ndani, akasema Adelina amerudi, akaacha zamu yake. Na waliokuwa na mashaka wakaambiwa mtendaji mwenyewe amefika, amethibitisha.

Tulimzika kando ya mama yake. Watu walipotawanyika Adelina alinijia, akasimama mbele yangu bila mkongojo. Aliongea kwa sauti yake mwenyewe, ya msichana, ambayo sikuwa nimewahi kuisikia vizuri.

"Sasa andika hayupo," alisema. "Leo ni kweli."

Sikuwa na kalamu. Fomu ile sikuwahi kuileta tena, kwa kuwa kaya ilikuwa imekwisha. Yeye aliondoka wilaya ile ya Muleba, na nasikia siku hizi haitiki jina lolote ila lake. Bwana Anatoli bado analinda mali ya baba yake. Miaka yangu iliyobaki niliandika barua nne juu ya mitumbwi ile, na zote zilijibiwa kwa heshima.

Mzee Byabato alikuwa mwalimu mzuri, Mungu amrehemu, lakini kanuni yake ina shimo. Mwezi huu nilikwenda Bukoba mjini kwenye uhakiki wa wastaafu, wa kuonyesha kama bado tuko hai. Kijana wa mezani alisoma jina langu huku ameinamia karatasi. Nikanyamaza kidogo. Nilikuwa nasikiliza kama kuna mwingine atakayeitika. Alipoona kimya akaita tena, nikasema nipo, naye akaweka vema bila kuinua kichwa.

Niliegemea meza mpaka akaniangalia. Nikamwambia ninachowaambia na ninyi. Ukisikia mtu ameitika, bado hujafanya kazi yako. Inuka, ingia jikoni, ufunue sufuria.